Faibromayalgia na mwili unaoyumba: namna ya kupanga fizio na sindano za Kichina ukiwa Kigoma

Hii nawaandikia wale wenye maumivu ya mwili mzima yasiyokwisha, walioshaambiwa ni faibromayalgia au bado wanazungushwa, halafu juu ya maumivu mwili nao umeanza kuyumba. Unajikwaa sehemu tambarare kabisa, kushuka mteremko wa kutoka Mwanga kwenda stesheni unaona kama unaenda chini, kwenye kigoda hunyanyuki mpaka ushike kitu au umwite mtoto. Maumivu watu wanayasema, hili la kuyumba wanalificha, wanaona aibu, wengine wanajifariji ni uzee wakati mtu ana miaka arobaini na kitu. Sio uzee. Wenye faibromayalgia wameshapimwa huko nje na ikaonekana balansi yao iko chini na wanaanguka zaidi kuliko watu wa umri wao wasio na shida hii, kwa hiyo ni sehemu ya ugonjwa na inafanyiwa kazi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyeutaka asipoteze bando lake: sindano za Kichina (akupancha, visindano vyembamba visivyo na dawa) zinaweza kukupunguzia maumivu kwa muda, lakini balansi inarudishwa na miguu na kiuno chenye nguvu, na hivyo vinajengwa na mazoezi anayokupangia fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo. Kwa hiyo sindano ipangwe kuyasaidia mazoezi. Anayechomwa sindano afu anarudi kulala kitandani amelipia nusu ya tiba.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza ni faibromayalgia

Huku kwetu ukienda na mwili unauma, umechoka, kichwa kizito, unaandikiwa malaria. Ukirudi, taifodi. Ukirudi tena, yutiai. Mtu anameza dawa mwaka mzima na kipimo cha malaria kinasoma hasi kila siku. Faibromayalgia haina kipimo cha damu wala eksirei ya kuionyesha, inatambuliwa kwa maelezo yako na kwa daktari kukukagua. Zamani, kwa vigezo vya 1990, walikuwa wanabonyeza pointi 18 mwilini, 11 zikiuma basi ni yenyewe. Siku hizi daktari anahesabu sehemu zinazouma kati ya 19, anauliza uchovu, usingizi usiopumzisha na kusahausahau, na hali hiyo iwe imekaa angalau miezi 3 na maumivu yawe yamesambaa mwilini, sio bega moja tu au goti moja.

Ila vipimo bado unafanya, kwa ajili ya kutoa magonjwa mengine njiani: picha kubwa ya damu, kipimo cha uvimbe mwilini wanachokiita ESR, sukari, homoni za tezi ya shingo, na HIV kama hujapima karibuni. Tezi ikiwa chini inachosha na kuumiza misuli vilevile, na ina dawa yake kabisa, ingekuwa huzuni kuchomwa sindano miezi wakati tatizo ni tezi.

Na kuna dalili ambazo sio za kupeleka fizio wala kwa mtu wa sindano, unapeleka hospitali haraka: mguu au mkono wa upande mmoja umelegea ghafla, ganzi sehemu za kukalia, mkojo au haja inatoka bila kujua, viungo vimevimba na vina moto, homa za jioni na jasho la usiku na kupungua uzito pamoja na mgongo unaouma sehemu moja (TB ya mgongo ipo jamani, tusijisahau), au kizunguzungu cha dunia kuzunguka na masikio kuziba. Kigoma mjini mlango ni Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, ndugu zetu wa Tabora wana Kitete, na ikishindikana rufaa inapanda Bugando Mwanza. Ukifika usiseme tu "naumwa mwili", sema "naumwa mwili mzima miezi kadhaa, silali nikapumzika, na nimeanza kuyumba", hayo maneno matatu yanabadilisha maswali anayokuuliza daktari.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini unayumba, ndo utakubali mazoezi

Kwenye faibromayalgia mishipa ya fahamu na ubongo vinazidisha ishara za maumivu, kama spika ya harusi iliyofunguliwa mpaka mwisho, hata anayenong'ona kwenye maiki mtaa mzima unasikia. Misuli yenyewe haijachanika, mifupa haijaoza. Hili ulielewe sana kwa sababu wengi wanaacha kutembea wakidhani wanajiharibu.

Kusimama wima bila kuyumba kunategemea macho, sikio la ndani, taarifa kutoka nyayo na maungio, afu misuli ya kiuno, tumbo na mapaja kujibu haraka. Wewe kwa sababu unaumwa umepunguza kutembea, misuli imelegea. Usingizi mbovu, ubongo unajibu kwa kuchelewa. Na ule ukungu wa kichwani, yaani ile hali unaingia jikoni unasahau umefuata nini, nao unakula balansi, maana kutembea huku unaongea na simu ni kazi mbili na kichwa kinaimudu moja. Ndo maana wengi wanajikwaa wakiwa wanaongea.

Halafu dawa. Amitriptilini ya usiku, ambayo inatolewa kwa dozi ndogo, mara nyingi kuanzia miligramu 10, inasaidia usingizi kwa baadhi ya watu lakini inaweza kukutia kizunguzungu ukinyanyuka ghafla. Pregabalini nayo hivyohivyo. Usiache dawa kienyeji, mwambie daktari unayumba, na usiku ukiamka kaa ukingoni mwa kitanda kwanza, pumua, chezesha vifundo vya miguu, ndo usimame. Choo kama kiko nje chukua tochi, na umeme wetu unaujua.

Hatua ya 3: Jipime kabla hujaanza chochote

Hii watu wanairuka na ndo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu bila namba utabaki na "naona kama nafuu" ambayo haikusaidii kuamua kama pesa ya sindano inafanya kazi. Chukua daftari, simu yenye saa, na mtu wa kukaa karibu yako asikuache uanguke.

Cha kwanza, kiti na mita 3. Weka kiti imara (cha plastiki kinachoyumba hapana) ukutani, pima mita 3, weka alama kwa chaki. Unaanza umekaa, unasimama, unatembea mwendo wako wa kawaida mpaka kwenye alama, unageuka, unarudi, unakaa. Andika sekunde. Kwa wazee, sekunde 12 au zaidi inachukuliwa ni ishara ya hatari ya kuanguka, kwa mtu wa makamo namba kama hiyo inastahili kuonyeshwa fizio kabisa.

Cha pili, kusimama na kukaa kwenye kiti kwa sekunde 30, mikono umefumbata kifuani, hesabu umesimama mara ngapi.

Cha tatu, miguu. Simama miguu imebanana sekunde 10, ukiweza sogeza mguu mmoja mbele kidogo sekunde 10, ukiweza weka kisigino cha mguu wa mbele kigusane na kidole gumba cha mguu wa nyuma, sekunde 10, mwisho mguu mmoja. Andika ulipokwama. Usifumbe macho ukiwa peke yako.

Afu ongeza vya kwako, vya maisha yetu, kwa sababu vipimo vya hospitali haviulizi hivi: naweza kuchuchumaa chooni na kunyanyuka bila kushika ukuta? Naweza kuinuka kwenye mkeka? Kwa anayeswali, natoka kwenye sijda mpaka kusimama bila kujisukuma kwa mikono? Naweza kubeba ndoo umbali gani? Andika ndiyo, hapana, au kwa shida. Fizio mzuri akiona karatasi hiyo anafurahi mwenyewe, kuna maswali mengi ya FIQR (ile fomu ya maswali 21 ya faibromayalgia) ambayo yanauliza mambo ya kujichana nywele, kubadilisha mashuka na kupanda ngazi, sasa sie tuna mengine ya kuongezea.

Hatua ya 4: Nenda fizio

Uliza idara ya fizio hospitali ya mkoa, na kama una bima uliza dirishani kabla hujaanza ni siku ngapi zinalipiwa, usije ukashtukizwa katikati. Siku ya kwanza fizio atakuuliza sana. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Mama, shikamoo. Usiku unalala?"

"Marahaba mwanangu. Kulala nalala, kupumzika ndo sipumziki."

"Na ukifanya kazi nyingi leo, kesho inakuwaje?"

"Kesho sinyanyuki. Keshokutwa kidogo."

Hilo jibu la mwisho ndo analolitafuta. Wengi wetu siku tukiamka na nafuu tunafua nguo za wiki nzima, tunapalilia, tunakwenda sokoni, tukilala tunalala siku tatu. Kwa faibromayalgia mchezo huo ndo unaokuangusha. Fizio atakupangia kiasi unachoweza hata siku mbaya, unakifanya siku nzuri na siku mbaya, afu mnaongeza polepole. Inakera, najua, siku nzuri unaona unaweza zaidi. Usizidishe.

Mwambie waziwazi unataka mazoezi ya kiuno na tumbo na balansi, maana baadhi ya sehemu ukisema maumivu unalazwa, unawekewa taa ya joto na mashine ya umeme, unakandwa, unaambiwa rudi Jumatano. Joto na kukandwa ni vizuri, vinapendeza, ila havisimamishi mtu kwa mguu mmoja. Mapendekezo ya wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya viungo ya mwaka 2017, katika tiba zote walizopitia za faibromayalgia, mazoezi peke yake ndo yalipewa pendekezo la nguvu. Sindano zilipata pendekezo hafifu. Hiyo peke yake ikupangie uanzie wapi.

Hatua ya 5: Mazoezi ya nyumbani

Kabla ya kuanza pasha mwili joto: kitambaa kwenye maji ya moto, kamua, weka mgongoni na mapajani dakika chache. Watu wataniuliza kuhusu ziwa, kwamba tunaishi na Tanganyika mlangoni na huko nje wanasema mazoezi ya majini yanafaa. Kweli yanafaa, ila ni kwenye bwawa la maji ya uvuguvugu, na ziwani kuna kichocho sehemu nyingine na mamba sehemu nyingine. Mi sikushauri.

Anza chini kwenye mkeka. Lala chali, magoti umekunja, vuta kitovu taratibu kuelekea chini kama unabana zipu ya sketi, usibane pumzi, hesabu mpaka 5, achia. Mara 5 zinatosha wiki ya kwanza. Ukiweza bila kutetemeka, unaongeza kuinua makalio juu, hesabu mpaka 3, shusha taratibu. Baadaye unakaa kwa mikono na magoti, kanga iliyokunjwa chini ya magoti, unanyoosha mkono mmoja tu mbele bila kiuno kupinda, siku nyingine mguu mmoja tu nyuma, na ikishakuwa nyepesi kabisa ndo mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja. Watu wanakimbilia hiyo ya mwisho kwa sababu ndo inaonekana kwenye video, wanaumia mabega.

Ya kusimama fanyia karibu na meza nzito au dirisha lenye nondo za kushika. Kukaa na kusimama kwenye kiti, anza na mara 4 au 5, kama kiti ni kifupi weka mto. Kunyanyua visigino huku umeshika. Halafu ile miguu ya Hatua ya 3, unafanyia mazoezi palepale ulipokwama, sio pale unapopaweza wala pale unapopashindwa kabisa. Ikishakuwa rahisi unageuza shingo taratibu kulia na kushoto ukiwa umesimama hivyohivyo, na ikishakuwa rahisi tena unaongeza kazi ya kichwa: taja bei za vitu sokoni, mgebuka, dagaa, mawese chupa moja, au hesabu kutoka 50 kurudi nyuma. Inachekesha lakini ndo inafundisha mwili kusimama wakati akili iko sehemu nyingine, na maisha yetu yote yako hivyo.

Kutembea: sehemu tambarare, asubuhi kabla ya jua, viatu vyenye kamba ya nyuma, sio kandambili. Mwenye kukaa Mwanga asianze kwa kushuka barabara ya Lumumba mpaka stesheni, maana kushuka kunachosha mapaja kuliko unavyodhani na kurudi ni kupanda. Dakika 5 kama ndo unazoziweza, anza na hizo. Lengo la mbeleni ni dakika 20 mpaka 30, mara 2 au 3 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili tatu katikati. Wenzetu wa Tabora hapa mmetuzidi, mna utambarare na vivuli vya miembe.

Kipimo cha kujua umezidisha: maumivu kuongezeka kidogo baada ya mazoezi ni kawaida, yakiwa yamerudi kawaida kesho yake endelea, yakikaa siku mbili punguza kipimo nusu. Usiache kabisa. Na usitegemee kitu wiki ya kwanza, wengi wanaanza kuona tofauti baada ya wiki sita au zaidi, kuna wanaojisikia vibaya kidogo mwanzoni na hapo ndo wanaotoroka.

Hatua ya 6: Sindano, sasa

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Sio sindano ya dawa, hamna dawa ndani. Ni visindano vyembamba sana vinavyochomwa kwenye pointi maalumu, vinakaa kama dakika 20 mpaka 30 ukiwa umelala, vinatolewa. Sio hijama wala kupiga chuku, ile inatoa damu. Sio chale, wembe hauhusiki. Kuna aina ya kuchoma kwa mkono tu na kuna ya kuunganisha sindano na kimashine cha umeme mdogo. Kuna pia mafizio wanaochoma sindano kavu kwenye misuli iliyokaza, mbinu tofauti, sindano inafanana.

Inafanya kazi? Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzichambua kwa ukali, mwaka 2013 walipitia tafiti 9 zenye watu 395 wa faibromayalgia. Ukilinganisha na kutofanya kitu au tiba ya kawaida, sindano zilipunguza maumivu na kukakamaa. Ukilinganisha na sindano za uongo, yaani za kuigiza, za mkono hazikuonyesha tofauti ya maana, za umeme zilionyesha kufanya vizuri zaidi, kwenye maumivu, usingizi na uchovu. Na nafuu ilionekana mwezi mmoja baada ya tiba lakini ikifika miezi 6 haikuwepo. Soma hiyo sentensi mara mbili. Nafuu ina mwisho, kwa hiyo uliyoyajenga na mazoezi ndani ya muda huo ndo utakayobaki nayo.

Ndo maana napanga hivi: anza mazoezi wiki mbili tatu kwanza bila sindano, mwili uyajue. Halafu chukua kozi ya sindano, kawaida ni mara 1 au 2 kwa wiki kwa wiki kadhaa, na kubaliana na mtoa tiba kwamba baada ya mara sita mtakaa muangalie daftari. Siku ya sindano fanya mazoezi mepesi ya mkekani tu. Siku inayofuata, kama maumivu yamepungua, ndo siku yako ya balansi na kutembea. Hapo ndo pesa ya sindano inapozalisha.

Mtu wa kukuchoma. Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya mwaka 2002, na anayetoa tiba hii kama tiba mbadala anatakiwa awe amesajiliwa, sio dhambi kuuliza cheti. Ukienda kwa daktari au fizio wa hospitali uliza amesomea wapi kuchoma. Angalia kwa macho yako pakiti ya sindano ikifunguliwa mbele yako, ya matumizi ya mara moja, na zikitoka ziingie kwenye sefti boksi. Anayetoa sindano kwenye kikopo cha spiriti, vaa viatu vyako uondoke, virusi vya ini na HIV havina adabu ya kusubiri.

Mwambie kabla: kama una mimba au unahisi (kuna pointi wanazozikwepa, kama ile ya kati ya kidole gumba na cha shahada), kama unameza dawa ya kuzuia damu kuganda kama wafarini, kama una betri ya moyo, hapo umeme hapana. Sindano za mabega, kifua na mgongo wa juu zikienda ndani sana zinaweza kutoboa pafu, ni nadra ila ipo, kwa hiyo ukitoka na kifua kinabana na pumzi zinakata, moja kwa moja hospitali. Michubuko midogo na usingizi baada ya tiba ni kawaida.

Usiende na njaa, unaweza kuzimia. Mwezi wa Ramadhani omba nafasi baada ya futari au subiri uishe. Ukimaliza kaa kwanza robo saa, kunywa chai. Na tafadhali dada zangu usipande bodaboda upande-upande na kanga yako ukitoka pale, umelegea na mtu wa boda hana subira. Chukua bajaji.

Sasa swali la wengi, kama huku hupati mtu wa sindano wa kueleweka, usafiri? Kwenda Dar kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200. Ukikaa kwenye kiti safari yote hiyo unafika umekakamaa, ukirudi vilevile, na sindano ni mara nyingi sio mara moja. Kwa maoni yangu kusafiri kwa ajili ya sindano peke yake hakulipi. Kama una ndugu huko na utakaa wiki kadhaa kwa shughuli zako, sawa, chukua kozi hukohuko na daftari lako beba. Vinginevyo hiyo nauli mpe fizio wa hapa na fundi seremala wa hatua inayofuata. Muulize pia fizio kama ana kile kimashine cha umeme cha kubandika kwenye ngozi, TENS, kuna watu kinawapunguzia maumivu wakiwa wanatembea.

Hatua ya 7: Rekebisha nyumba na kazi

Choo cha kuchuchumaa: fundi akuchongee kiti cha mbao chenye tundu, au hata nguzo imara ya kushika iliyochimbiwa chini, sio misumari ya ukutani. Maji: ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa cha mtu anayeyumba, acha, beba madumu mawili ya lita 5 kila mkono moja, au toroli, au mtoto akimbize na baiskeli. Kufua: inua beseni liwe juu ya meza, usiiname kiuno. Wa Kibirizi na Katonga mnaochambua dagaa, chanja ikiwa chini unainama siku nzima, mwambie fundi aiinue ifike usawa wa kiuno, na ubadilishe mkao, nusu saa umesimama nusu saa umekaa. Shambani jembe la mpini mrefu, na upalilie mistari michache kila siku badala ya shamba lote Jumamosi. Mvua zikianza huko Oktoba au Novemba njia zetu za udongo mwekundu zinateleza, fimbo ya kutembelea sio aibu, kata mti ulio usawa wa kifundo cha mkono wako ukiwa umesimama.

Kuswali ukiwa umekaa kwenye kiti inaruhusiwa kwa mgonjwa, muulize imamu wako akuelekeze, usijiumize magoti kwa kuona haya.

Na mumeo umpeleke kwa fizio hata mara moja. Vipimo vyote vikitoka safi mwanaume anaanza kusema unajifanya, au wifi anasema umerogwa, na wote hawana ubaya, hawajaelezwa. Akisikia kwa mtaalamu ndo atakubali kubeba ndoo.

Hatua ya 8: Siku zikiwa mbaya

Zitakuja, msibani, mvua, ada za shule, homa. Usiache vyote. Bakiza kupumua na kubana tumbo mkekani na kusimama miguu imebanana umeshika meza, dakika 5 zinatosha. Ukiwa na msiba na utakaa chini usiku kucha, omba kigoda na kila baada ya muda nyanyuka ukazunguke. Usimeze diklofenaki mfululizo, kwa faibromayalgia haisaidii sana na tumbo na figo zinalipa. Dawa za steroidi kama prednisoloni, za vidonge au sindano, za "kutoa maumivu mwilini" zinazouzwa kienyeji, hapana kabisa.

Hatua ya 9: Pima tena, uamue

Baada ya wiki sita na tena baada ya miezi mitatu, rudia Hatua ya 3 yote, saa ileile ya siku, kiti kilekile, viatu vilevile. Namba za kiti na miguu zimepanda (ila kile cha mita 3 ni kinyume, sekunde zikipungua ndo kupanda) na maumivu yamepungua, endelea na mazoezi, sindano unaweza kusimamisha uone. Maumivu yamepungua lakini namba za balansi zimekaa palepale, maana yake sindano inakupa nafuu na hujaitumia, ongeza mazoezi ya kusimama kabla hujalipia sindano nyingine. Namba zimepanda lakini maumivu yako palepale, usikate tamaa wala usidhani umefeli, hiyo ni nafuu ya kazi na kutoanguka, zungumza na daktari kuhusu usingizi na dawa. Vyote vimekaa palepale baada ya mara sita za sindano, acha sindano. Na kama namba zinashuka huku unafanya kila kitu ulichoelekezwa, hapo rudi kwa daktari na daftari mkononi, mwombe aanze upya na vipimo vya Hatua ya 1.